Mwaka Mama Faida Aliponinyima Salamu

Friji letu jipya linaimba. Linaanza taratibu, kama mtu anayejikohoza kabla ya kusali, halafu linashika sauti moja tu, mmmmm, na kuivuta mpaka lichoke. Mume wangu alitaka kumwita fundi siku ile ile ya kwanza. Nilimkatalia, akaniangalia kama mtu aliyeoa bila kuuliza vizuri. Simlaumu. Angejuaje kwamba sauti hiyo ya kinywa kilichofumbwa iliwahi kuninyima raha, Jumapili baada ya Jumapili, nilipokuwa na miaka kumi na mmoja?

Ngojeni niwaeleze, maana hata yeye nilimweleza akaacha kumtafuta fundi.

Tulikaa Norsborg, katika nchi ya Waswidi, mwisho kabisa wa reli, pale treni inapogeuza kwa sababu haina pa kwenda tena. Kituo kimoja kabla ya kwetu ni Hallunda, na pale Hallunda, chini ya kanisa la Waswidi, kulikuwa na ukumbi tuliokuwa tukiazimwa kila Jumapili saa tisa alasiri. Harufu yake iko puani mwangu mpaka leo: kahawa ya wenyeji ya asubuhi, mishumaa iliyozimwa, na makoti yetu ya baridi yaliyolowa theluji yakikauka pamoja kwenye misumari. Ukutani palibandikwa masharti. Viti vipangwe sita sita, taa zizimwe, watu wawe wametoka saa kumi na mbili kamili. Sharti hilo la mwisho ndilo lililompa mchungaji wetu majaribu kuliko shetani.

Tulikuwa watu wa Burundi, wa Kongo, wa Kigoma kama mama yangu, na Wakenya wachache. Kiswahili ndicho kilichotuunganisha, ila kila mtu alikuja na chake. Mkongomani alichomeka Kifaransa, Mkenya Kiingereza, na sisi watoto tukisemeshwa Kiswahili tulijibu Kiswidi. Mungu alituelewa sote, na sidhani kama ilikuwa kazi rahisi.

Mwimbishaji wetu alikuwa Mama Faida. Alitoka Uvira, mwanamke mrefu, mnene, aliyefunga kitenge juu ya koti la baridi badala ya chini yake, maana alisema kitenge hakikununuliwa kifichwe. Alikuwa na sauti ambayo ilianzia tumboni na kufika mpaka kwenye maegesho ya magari. Siku za kazi alitunza wazee katika nyumba moja ya wazee huko Mälarhöjden, na hata Jumapili zamu yake ilikatwa vipande viwili: asubuhi mpaka saa saba na nusu, kisha arudi tena saa kumi na moja jioni. Ibada aliiminya hapo katikati. Alikuja mapema, na mchungaji akimaliza tu kuhubiri, kabla kahawa haijamiminwa, alikwisha kuchomoka kukimbilia treni.

Lakini kwa salamu, jamani, hakuwa na mpinzani. Alikuwa akifika saa nane na robo makusudi ili asalimie. Alikushika mkono, akakuvuta kifuani, akagusisha kichaka cha kilemba chake kwenye shavu hili na lile, akauliza umelalaje, shule inasemaje, nyanya yako wa Kigoma mguu wake umepona? Mtu mmoja aliweza kumchukulia dakika tano. Watoto tulimkimbia, lakini tulimkimbia polepole ili atushike.

Sasa, kwa wasiojua mambo ya makanisa yetu: pambio halianzishwi na kinanda. Linaanzishwa na mtu. Mwimbishaji anafumba macho, anafungua kinywa, anaanzia popote roho yake ilipotua, juu au chini, na mpiga kinanda anamtafuta mpaka ampate. Kaka Amosi, kijana wa Kikenya aliyetupigia kinanda, alikuwa fundi wa hilo. Mama Faida akianza, Amosi aligusa kibonye kimoja, cha pili, cha tatu, keshampata, kama mtu anayepapasa swichi ya taa nyumbani kwake. Kisha Amosi akapata kazi Göteborg. Tulimwombea safari njema na moyoni tukamlaumu.

Jumapili mbili tuliimba bila kinanda. Jumapili ya tatu Mchungaji Barnaba alisimama akauliza kama kweli katika kusanyiko zima hakuna hata mmoja mwenye kipawa. Nikasikia kiti cha pembeni yangu kikilia. Mama yangu alikuwa amesimama.

"Damari wangu anasoma muziki kwa Waswidi," akasema.

Haki ya Mungu, hakudanganya. Kila Jumatano nilikwenda kwenye shule ya muziki ya manispaa. Nilianza na filimbi, mpaka mwalimu aliponiambia kwa upole mkubwa kwamba pengine moyo wangu uko kwenye kitu kingine. Nikahamia kinanda, na kinanda nilikuwa nimesoma wiki sita. Nilijua vibonye saba vyeupe vya katikati na jinsi ya kuvibonyeza vitatu vitatu. Vile vyeusi, mwalimu alisema, tutavifikia baada ya Krismasi. Na hapo tulikuwa Oktoba.

Kusanyiko likapiga makofi. Tulipofika nyumbani nilimwambia Mama kwa Kiswidi kwamba siwezi, maana sisi watoto wa Norsborg tukitaka kukataa jambo tulikataa kwa Kiswidi. Mama alinijibu kwa Kiswahili, huku akikaanga sambusa: "Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga." Nilitaka kumwambia kwamba mimi sikuvua nguo yoyote, kwamba ni yeye aliyenivua mbele ya watu. Lakini mafuta yalikuwa ya moto na Mama alikuwa na mwiko mkononi.

Jumapili yangu ya kwanza siwezi kuisimulia bila kushika shavu. Mama Faida alifumba macho akaanza, nami nikaanza, na hatukuwa hata jirani. Yeye alikuwa ameshukia mahali fulani kwenye vile vyeusi. Nikahama kulia, nikahama kushoto, nikampisha, akanipita. Watu walijaribu kumfuata yeye, wengine kwa huruma wakajaribu kunifuata mimi, na mzee mmoja wa Kirundi akaona afadhali abaki peke yake. Katika kuhangaika kidole changu kikagusa kitufe chekundu, na ngoma iliyomo ndani ya kinanda ikaamka. Pam-chika-pam, pam-chika-pam. Sikujua kuizima. Mchungaji, kwa kuokoa hali, akaingia kwenye maombi. "Ee Bwana, tunanyenyekea," pam-chika-pam, "mbele zako," pam-chika-pam. Watoto wa nyuma wakaanza kucheza mabega. Baba mmoja akakimbia kuchomoa waya ukutani, akachomoa wa birika la kahawa. Tulinyenyekea mbele za Bwana kwa mdundo huo kwa muda mrefu, na siku hiyo kahawa ilinywewa baridi.

Nilijifungia chooni. Mama akanisubiri nje ya mlango, nami nikamsubiri ndani.

Jumapili iliyofuata ndipo mambo ya Mama Faida yalipoanza. Saa nane na robo, hayupo. Saa nane na nusu, hayupo. Dakika moja kabla ya saa tisa mlango ukafunguka, akaingia, kidevu juu, midomo imebanwa kama mkoba wa benki. Watu wakamwambia Bwana asifiwe. Akatikisa kichwa. Akina mama wakafungua mikono. Akapita katikati yao. Alipofika karibu na kinanda nikasimama kwa adabu, naye akanitazama, akainua nyusi, akapita. Nikasikia kifuani mwake kitu kinanguruma. Mmmmmm.

Wenzangu, sijawahi kuona mtu amenuna namna ile. Mtu wa kwetu anaweza kukunyima sukari, anaweza kukunyima hata mkopo, na bado mkaishi. Lakini akunyime salamu? Nyumbani Mama alitufundisha kwamba shikamoo isiyojibiwa ni kama mtu aliyekuja na mzigo kichwani asiyetuliwa. Na mnyimaji ni Mama Faida, aliyesalimia mpaka madereva wa treni! Sikuhitaji kuelezwa kosa. Nilikuwa nimeharibu nyimbo za Bwana, nimeziharibu mbele ya watu, na mwenye nyimbo amekasirika.

Ikawa hivyo kila Jumapili. Novemba, Desemba, Januari theluji ikifika magotini. Anaingia dakika ya mwisho, ananguruma, anapita, anaimba, mahubiri yakiisha anachomoka. Nilimwambia Mama. Akatikisa kichwa: "Kimya kingi kina mshindo mkuu. Muombee tu." Nikamwombea, ila kusema kweli maombi yangu yalikuwa kwamba abadilishiwe zamu.

Na katika huzuni hiyo yote kulikuwa na muujiza. Kuanzia Jumapili ile ya pili, nilipobonyeza vibonye vyangu, vilikubali! Mama Faida alifungua kinywa, nami nilikuwa pale pale. Pambio la kwanza, la pili, la tatu, yote yalikaa juu ya vyeupe vyangu saba kama yametengenezewa hapo. Nikajua nini kimetokea. Mungu amenipa masikio. Kama alivyompa Sulemani hekima, mimi amenipa masikio, na tena bila hata kuomba vizuri.

Jumapili moja, baada ya nyimbo, Mama alisimama kutoa ushuhuda. Alieleza jinsi mtoto wake alivyokuwa hawezi kitu wiki ile, na jinsi alivyofunga na kuomba siku tatu, na jinsi Bwana alivyomzibua masikio mtoto. Kusanyiko likasema amina. Mimi nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu ambao nilikuwa nimeufanyia mazoezi kwenye kioo. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi nililitia ndoo nzima: nilianza kuwaeleza watoto wenzangu jinsi ya kusikiliza. Mama Faida alikuwa kiti cha mbele wakati wa ushuhuda ule. Alisema amina kwa sauti kubwa kuliko wote, na hilo likanichanganya.

Lakini usiache masikio yakufanye usahau moyo. Nilikuwa na kipawa, na nilikuwa na mtu asiyenisalimia, na cha pili ndicho kilichokuwa kizito. Wakati Pentekoste inakaribia, na Waswidi wa juu wametualika tupande tuabudu nao pamoja kwa mara ya kwanza, niliamua kujiuzulu. Mungu alistahili mtu mzima, mtu aliyefika kwenye vile vyeusi, mtu ambaye mwimbishaji anaweza kumtazama bila kunguruma. Kwa taarifa yenu, vyeusi sikuvifikia: baada ya Krismasi mwalimu wangu alikwenda likizo ya uzazi, na aliyeshika nafasi yake akaturudisha mwanzo kabisa.

Mchungaji Barnaba siku za kazi aliendesha basi. Nilimpata jioni moja nikitoka shule, nikasimama mbele pale karibu yake nikaanza kulia. Akanionyesha kwa kidole kibao kinachokataza kuongea na dereva. Nikakaa. Tulipofika mwisho wa njia, abiria wakashuka, akazima injini akasema ana dakika sita. Nikamwambia yote: kwamba kinanda sikijui, kwamba Mama Faida amenichukia, kwamba nimekoma.

"Musa naye alijitetea hivyo hivyo," akasema. "Mdomo mzito, ulimi mzito, tuma mwingine. Mungu akamuuliza, una nini mkononi? Fimbo tu, Damari! Fimbo ya kuchungia. Wewe una nini?"

"Noti saba," nikasema.

"Saba!" akasema, kama vile nimemtajia ng'ombe. Akatazama saa. "Na Mama Faida, usimngoje yeye. Mtu akikununia, msalimie wewe kwanza. Tena msalimie mpaka ajibu. Salamu haijaua mtu."

Ilikuwa mahubiri yake mafupi kuliko yote niliyowahi kusikia, na ndiyo yaliyotuletea balaa.

Jumapili ya Pentekoste tulibeba kinanda chetu ngazi kwa ngazi mpaka kanisani juu. Kulikuwa na mwanga mwingi, maua meupe, harufu ya mikate ya mdalasini kutoka jikoni kwao. Padri wao, mama mmoja mpole wa nywele za mvi, alikuwa amemwambia mchungaji wetu kwamba ikienda vizuri tutakuwa tunapanda kila mwezi. Kwa hiyo akina mama walivaa vitenge vya harusi, na Mama alinipaka mafuta usoni mpaka nikawa nateleza. Kila mtu aliniambia, "Damari, leo ni wewe!" Walidhani wananitia moyo.

Nilimsubiri Mama Faida mlangoni. Dakika moja kabla ya ibada kuanza, huyo anakuja kutoka kituoni, mbio mbio, kilemba kimesimama, midomo imebanwa. Mmmmmm. Nikamkatia njia.

"Shikamoo, Mama Faida."

Akatikisa kichwa, akataka kupita kushoto. Nikahama kushoto. Nikapiga goti kidogo kama Mama alivyonifundisha, nikaushika mkono wake kwa mikono yangu miwili.

"Shikamoo!"

Mmmmmm! Sasa mngurumo ulipanda, macho yakamtoka, akawa ananionyesha ndani kwa kidevu, ndani, ndani. Waswidi waliokuwa wanaingia wakasimama kutazama. Nikajua nikimwachia sasa nimemwachia maisha. Machozi yakaanza kuchanganyika na yale mafuta.

"Nisamehe kwa kuharibu nyimbo zako," nikasema. "Sitapiga tena. Nisalimie tu. Shikamoo!"

Akasimama. Akanitazama, na ule mngurumo ukawa unapungua, unapungua, hadi ukaisha kabisa.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Marahaba, Damari." Na papo hapo akafunika mdomo kwa kiganja, kama mtu aliyedondosha jino. Akatazama chini, akatazama kule kituoni alikotoka, kisha akanivuta kwenye kitenge chake akanikumbatia mpaka nikakosa pumzi. Mimi, mjinga wa Mungu, nilidhani ni furaha ya kupatana.

Tukaingia. Kanisa limejaa, wao upande huu, sisi upande ule. Mama Faida akasimama mbele. Akafumba macho. Akakaa nayo yamefumbwa muda mrefu kuliko kawaida, halafu akafungua kinywa akaanza, nami kwa kujiamini kote kwa mtu mwenye masikio ya Sulemani nikabonyeza.

Weee! Oktoba ilirudi yote. Yeye juu, mimi chini. Nikatafuta, nikakosa. Upande wetu sauti zikasambaa kama mbuzi waliofunguliwa. Nikamwona Mama kiti cha tatu, mikono kichwani. Nikajua Mungu ameninyang'anya masikio yake, na ametafuta siku hii makusudi kwa sababu ya majivuno yangu. Nikatoa mikono kwenye kinanda nikaiweka mapajani.

Mama Faida akainua mkono. Sauti zikakoma. Upande wa Waswidi mtu akakohoa. Akawageukia, akasema kwa Kiswidi chake cha kazini, kile cha kuwaambia wazee kwamba chakula kiko tayari, kisha akarudia kwa Kiswahili ili nasi tusikie: "Mnisamehe. Mimi nimepotea. Huyu mtoto atanionyesha njia."

Akaja mpaka kwenye kinanda, akainama, kilemba kikanigusa shavuni. "Damari, nipe," akaninong'oneza. "Moja tu. Ile ya kwako."

Nikabonyeza kibonye kimoja cheupe cha katikati, kile ambacho Waswidi wanakiita C na Wakongomani wanakiita do. Akakisikiliza. Akasimama wima. Akafungua kinywa, na pambio likatoka likiwa limekaa pale pale, juu ya vyeupe vyangu, nami nikalikuta. Kabla ya ubeti wa pili watu wetu walikuwa wamesimama. Waswidi nao wakasimama wakapiga makofi, ingawa si kwenye mapigo tuliyoyatarajia. Padri wao alifuta miwani mara mbili.

Nyumbani nilijisifu wiki nzima. Nilimwambia kila aliyetaka na asiyetaka kusikia kwamba Mama Faida, mwimbishaji mkubwa, alipotea, na mimi ndiye niliyemwokoa. Jumapili iliyofuata alifika saa nane na robo akasalimia watu wote kwa foleni, na kuanzia hapo, kila kabla ya pambio la kwanza, alinigeukia mbele ya watu akasema, "Damari, nipe." Nilimpa, kama mkubwa anayempa mdogo.

Hadithi ingeishia hapo, na ningezeeka na uongo huo, kama nisingeolewa. Kwenye sherehe yangu ya kuagwa, katika ukumbi ule ule wa chini, nilishika kipaza sauti nikamtania Mama Faida, ambaye sasa ana fimbo na kifaa cha kusikia. Nikasema namshukuru kwa kunisamehe, maana aliwahi kuninunia kuanzia Oktoba mpaka Pentekoste.

Akaninyang'anya kipaza sauti. "Mie? Nikununie juu ya nini?" Akacheka mpaka kilemba kikalala upande. Halafu akaeleza.

Jumapili ile ya pam-chika-pam alirudi kwenye zamu yake ya jioni akiwa na huzuni. Pale kwenye nyumba ya wazee kulikuwa na piano, na kulikuwa na mzee mmoja, Bengt, aliyepiga kinanda cha kanisa maisha yake yote na sasa hakukumbuka kama amekula. Mama Faida akamsimulia habari za mtoto anayejua mahali pamoja tu. Mzee Bengt akasogeza mkono wake unaotetemeka, akabonyeza do, akamwambia basi na aanzie hapo. Tangu siku hiyo, kila Jumapili baada ya chakula cha mchana, Mama Faida alisukuma kiti chake cha magurudumu mpaka kwenye piano. Kila Jumapili mzee alimuuliza yeye ni nani. Kila Jumapili alimweleza upya. Kisha mzee alibonyeza, Mama Faida akaipokea noti ile, akafumba mdomo juu yake, akatoka mbio.

"Vituo tisa!" akasema. "Mälarhöjden mpaka Hallunda, mmmm, vituo tisa. Wakaguzi wananiuliza tiketi, mmmm, nawaonyesha. Pale Fittja akapanda rafiki yangu wa Uvira ambaye hatujaonana miaka, ananiita, mmmm, siwezi kujibu! Aliniwekea kinyongo miaka miwili. Voilà. Nilipoteza rafiki juu ya do."

Watu walikuwa wanalia kwa kicheko. Mimi nilikuwa nalia tu.

"Kwa nini hukuniomba noti?" nikamuuliza. "Ningekupa."

"Mbele ya watu? Si wangejua kwamba hujui?" Akamnyooshea Mama fimbo. "Na huyu alikuwa amekwisha toa ushuhuda!"

Mama akajifunika uso kwa kitenge. Na mimi nikakumbuka Pentekoste: mwanamke yule, aliyeimba Uvira nzima bila kuhitaji kibonye cha mtu, akisimama mbele ya kanisa la wageni na kusema, mimi nimepotea. Hakuwa amepotea hata kidogo. Mimi ndiye niliyempokonya alichokuwa amekibeba vituo tisa, na aibu iliyokuwa ikinijia akaichukua yeye, akaniacha nijisifu wiki nzima.

Masikio yangu hayakuwahi kuzibuliwa, basi. Yalikuwa yale yale ya Oktoba. Nilikuwa nimemwambia Mungu kwamba sifai mpaka nifike kwenye vile vyeusi, na jibu lake lilikuwa likija kila Jumapili kwa treni, limefumba mdomo, nami nikalikasirikia. Na Mzee Bengt, aliyesahau hata majina ya wanawe, alifariki bila kujua kwamba mwaka ule alikuwa akihudumu Hallunda kila wiki.

Friji nimelipima kwa kinanda. Liko chini kidogo ya do, lakini nalo linajitahidi, na fundi haji.

Vyeusi nilivifikia hatimaye. Jumapili bado napiga, na Mama Faida bado anaanzisha pambio moja kabla ya mahubiri, kwa heshima ya umri wake. Kile kifaa cha kusikia hakimsaidii sana, kwa hiyo haniombi noti tena, anaanzia popote. Jumapili iliyopita alianza juu mno, na katikati ya ubeti wa pili akateremka bila kumuaga mtu. Nilishuka naye.